Namba Niliyoisaini

Mtoto wa kaka yangu alivunjika mkono akifungua friji. Hakuanguka, hakugongwa, hakuna aliyemvuta. Alishika mpini wa mlango, akavuta kama anavyovuta kila asubuhi akitafuta maziwa, mfupa ukalia ko, akabaki ameushikilia mkono wake na kuutazama kana kwamba si wake. Ana miaka tisa. Mama yake alikuwa amempa mgongo, anasuuza vikombe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nayasema mapema kwa sababu siku ile hakuna mtu mzima aliyeyaamini, na mmoja wa hao watu wazima ni mimi.

Tunamwita Bosi. Tangu akiwa na miaka minne kinga ya mwili wake imemgeuka; badala ya kupigana na maradhi inashambulia viungo vyake mwenyewe, magoti, viwiko, vidole. Asubuhi huamka amekakamaa, na huchukua saa nzima ya maji ya moto na kukandwa ndipo aweze kufunga vifungo vya shati. Jina la Bosi alilipata hapo: watu humvalisha, humvua, humfungulia chupa, yeye kazi yake kutoa amri. Dawa anazomeza zinatuliza uvimbe wa viungo, lakini zinamla mifupa. Ndiyo maana kliniki ya viungo, ambayo hufanyika kila Alhamisi, humtoa damu kila baada ya miezi kadhaa kuangalia vitamini D. Ikipungua hiyo, mfupa haushiki madini yake vizuri. Mtoto mwingine anaweza kwenda nayo hivyohivyo kwa muda. Bosi hana pa kukopa.

Damu hiyo huletwa kwangu. Mimi ni mtu wa maabara katika hospitali hiyohiyo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kazini wananiita Kiberiti, na sijawahi kuwauliza kwa nini.

Ilikuwa Ijumaa. Daktari wa zamu wa mapokezi ya dharura aliitazama picha ya eksirei, akamtazama wifi yangu kuanzia kichwani hadi mikononi, akauliza, "Nani amempiga?"

"Alikuwa anafungua friji," wifi akasema.

"Mama, nimekuuliza nani amempiga."

Wifi akarudia friji. Akaonyesha kwa mkono jinsi mtoto alivyovuta. Daktari hakuwa akiangalia. Alikuwa anapekua faili, akakuta majibu ya damu ya wiki tatu nyuma. Vitamini D: thelathini na tatu. Pembeni, maandishi yaliyopigwa chapa: kawaida, 30 na kuendelea. Chini, sahihi. "Mtoto huyu hana upungufu," akasema, "na mfupa usio na upungufu hauvunjwi na mlango wa friji." Kisha akainua simu akawaita ustawi wa jamii.

Kufikia saa sita mchana Bosi alikuwa amelazwa wodi ya watoto, mkono ndani ya plasta, na karatasi imebanwa juu ya faili lake: mama asiachwe peke yake na mtoto. Afisa ustawi, mwanaume mpole mwenye miwani, alisema kikao kitakaa Jumatatu, na hapo ndipo itaamuliwa kama mtoto atarudi nyumbani au atapelekwa mahali salama. Alilisema hilo neno, mahali salama, mara tatu. Mara ya tatu ndipo wifi alipoelewa, akakaa chini sakafuni kwenye korido, mkoba ukiwa bado begani.

Nikampigia kaka yangu. Yeye ni dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa mpakani akisubiri kugongewa mihuri. Nikamweleza. Akasema, "Mimi sikuwepo. Siwezi kusema lolote."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na hilo ndilo lililomtoka. Nilitaka kumporomoshea matusi. Sikumtukana. Ningeanzia wapi, wakati na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, na wifi amekaa sakafuni, na sikuwa nimenyanyuka kwenda kumshika mkono?

Niseme yote, maana nimeshaanza. Kwa miezi mingi, kila Jumapili nilipokwenda kwao kula, wifi aliniambia kuwa mtoto analia miguu. Si magoti, alisema, magoti yake nayajua. Analia mfupa wenyewe, hapa katikati ya muundi. Mimi nikimjibu kinywa kimejaa chakula alichopika yeye: "Wifi, unamdekeza. Vitamini yake nimeipima kwa mikono yangu hii. Mtoto ameshakujua pa kukukamatia." Alikuwa akinitazama, anaondoa sahani. Na ile Ijumaa kwenye benchi nikaanza kukumbuka siku moja aliyomfinya Bosi sikio kwa kumwaga dawa. Sikio! Ni nani katika sisi hajafinywa sikio? Lakini lile sikio likawa linakua kichwani mwangu, hadi jioni likawa ushahidi kamili.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilipofungua maabara, sikwenda kumtetea mtu. Nilikwenda kumtafutia wifi yangu kosa. Nilitaka kuiona ile thelathini na tatu kwa macho yangu, nitoe nakala, nimpe afisa ustawi nimwambie, haya, sayansi hii hapa.

Kazi yetu inakwenda hivi. Mashine ikimaliza kupima damu hutoa kikaratasi chembamba. Kikaratasi kinabandikwa kwa gundi kwenye daftari kubwa. Halafu unachukua fomu, zile zilizochapwa maelfu kwa maelfu, unanakili namba kwenye kisanduku chake, unasaini, fomu inapelekwa kliniki. Unanakili namba tu. Kipimo chake huandiki, kwa kuwa fomu imeshaandikwa kipimo na imeshaandikwa kawaida ni kuanzia ngapi. Ukishafanya hivyo mara elfu kumi, mkono ndio unaofanya kazi. Kichwa kinawaza mengine.

Nikafunua daftari. Nikaipata siku ile, nikalipata jina la Bosi, nikaiona thelathini na tatu. Na pembeni ya namba, kwa herufi ndogo, kipimo. Nanomoli.

Fomu yetu inasema nanogramu.

Sikuelewa mara moja, au sikutaka kuelewa. Nikarudisha kurasa nyuma miezi minane, hadi zile siku za mashine ya zamani kabla haijafa. Vikaratasi vya zamani: nanogramu. Vipya, kuanzia siku ya kwanza hadi jana: nanomoli. Ni kama fundi aliyezoea kupima kitambaa kwa yadi, akaletewa futi, naye akaendelea kusema tatu zinatosha gauni. Namba ya mashine mpya lazima uigawanye kwa mbili na nusu ndipo uipate ile ambayo fomu inaizungumzia. Kwa mashine hii kawaida haianzii thelathini. Inaanzia sabini na tano.

Nikagawanya. Nilitumia kalamu na kiganja changu, ingawa kikokotoo kilikuwa pale mezani. Ya Bosi ikatoka kumi na tatu.

Nikafuatilia historia yake. Mashine ya zamani ilimpa kumi na nne, daktari wa viungo akashtuka, akamwandikia matone ya vitamini kila siku. Miezi miwili baadaye, mashine mpya: arobaini na saba. Daktari akafurahi, akaandika kwa wino wa kijani, "Amefikia kiwango, matone yasimame." Arobaini na saba ile ilikuwa haijafika hata kumi na tisa. Mtoto alikuwa ndio kwanza ameanza kupanda ngazi, tukamkata miguu. Miezi sita ameachwa anameza dawa za kula mifupa bila kinga yoyote, analia muundi, na shangazi yake mtaalamu anamwambia mama yake aache kumdekeza.

Sahihi zote mbili ni zangu. Ile ya arobaini na saba nimeichora na mkia, kwa mbwembwe.

Nikaendelea kufunua kurasa kwa kuwa sikuweza kuacha. Watoto wa Alhamisi. Kabla ya mashine: kumi na moja, tisa, kumi na saba, kumi na mbili. Baada ya mashine: thelathini na moja, arobaini na mbili, thelathini na tano. Nikawahesabu. Watoto arobaini na mmoja wenye ugonjwa uleule walikuwa wamepona upungufu wao katika miezi michache, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza imekuwaje. Kule kliniki daktari wa viungo alikuwa ametundika ukutani mchoro wa nguzo za rangi, nyekundu zinashuka, kijani zinapanda. Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimempongeza.

Nikampigia mkuu wa maabara nyumbani kwake. Alikuja amevaa ndala na fulana ya mazoezi. Nikamwonyesha kikaratasi, nikamwonyesha fomu, nikaviweka bega kwa bega.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonipandisha mori. Mtu asiyejua angeshtuka.

"Ulijua," nikasema.

"Kiberiti, usianze."

"Ulijua!"

"Waliokuja kutufundisha walisema, ndiyo. Siku ile ya mafunzo. Na wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo. Nakumbuka keki, nakumbuka vyeti, nakumbuka kijana mwenye tai anayeongea haraka. Sikumbuki nanomoli. Inawezekana alilisema nikiwa nachagua kipande kikubwa.

"Na fomu?"

"Tulikuwa na maboksi tisa ya fomu. Nikasema tumalize kwanza zilizopo, ndipo tuchape mpya. Nilijua daktari wa viungo atagawanya mwenyewe. Ni daktari yule, si mtoto mdogo."

"Ulimwambia?"

Akavuta kiti, akakaa. "Nilidhani atajua."

Nilimtazama miguu yake ndani ya ndala. Maboksi tisa! Mfupa wa mtoto umevunjwa na mtu aliyeona uchungu kutupa karatasi. Nikamwambia hivyohivyo, kwa sauti ambayo mlinzi wa getini aliisikia.

Alisubiri nimalize. Kisha akaanza kunipaka mafuta. Akasema mimi ni mfanyakazi wake bora. Akasema kuanzia Jumatatu fomu mpya zitatumika, watoto watapimwa upya zamu zao zikifika, watarudishiwa matone, mambo yatajiweka sawa yenyewe. Hakuna haja ya kufukua ya nyuma. "Na ukifukua," akasema, "usisahau sahihi ni ya nani. Mimi jina langu haliko kwenye fomu hata moja."

"Na wifi yangu?"

"Ustawi watachunguza, wataona hana kosa. Hiyo ni kazi yao."

Nikalichukua daftari, nikalikumbatia kifuani. Halitakiwi kutoka maabara, ni kosa la kufukuzwa kazi. Hakuninyang'anya. Pengine alifikiri hasira zangu zitaisha kama kawaida.

Jumapili sikwenda kwa wifi. Nilijiambia nasubiri kikao ili mambo yasemwe mbele ya wote. Uongo mtupu. Niliuogopa uso wake, basi. Alinipigia mara mbili, nikaiangalia simu ikiita.

Kikao kilikuwa kwenye kachumba kando ya wodi, chumba cha kuhifadhia mashuka kilichowekewa meza. Alikuwepo afisa ustawi na faili lake, daktari wa viungo, ambaye ni mama mnene mwenye sauti ya chini, wifi, na mkuu wa maabara aliyekuja bila kualikwa, safari hii na tai. Kupitia dirisha la kioo la mlangoni tulimwona Bosi kitandani, plasta juu ya mto, anamwamuru muuguzi apandishe kichwa cha kitanda.

Afisa akamwomba wifi aeleze tena. Wifi akaeleza tena. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kurudia. "Alivuta mlango," alisema. "Nimesema mara ngapi? Mnataka niseme nini ndiyo mridhike?"

"Tunataka ukweli tu, mama," afisa akasema kwa upole wake. "Mifupa ya mtoto, kwa mujibu wa vipimo, haina tatizo."

"Inalo," nikasema.

Nikaliweka daftari mezani. Mkuu akakohoa, akasema hili ni suala la kiufundi, lina ngazi zake. Nikamwambia ngazi zake azipande mwenyewe. Nikafunua ukurasa, nikaeleza, polepole, kwa maneno ya mtu yeyote kuelewa, na kidole changu kikiwa juu ya herufi zile ndogo. Kumi na nne, arobaini na saba, thelathini na tatu. Nikaeleza kugawanya. Nikasema: sahihi hizi ni zangu. Nimeandika kwamba mtoto yuko salama wakati hayuko salama, mara mbili.

Daktari wa viungo alinyoosha mkono, akalivuta daftari kwake. Alifunua kurasa kama tano. Nikaona midomo yake ikihesabu. "Mimi ndiye niliyesimamisha matone," akasema. Hakuna aliyemwuliza. "Kwa wote. Nilidhani dawa imefanya kazi. Nilidhani maabara mkibadilisha kipimo mtaniambia."

"Na sisi tulidhani utajua," mkuu akasema.

"Mlidhani!" Ile sauti ya chini ikapanda hadi Bosi akageuza kichwa kule kitandani. "Mimi nilidhani, ninyi mlidhani, na mama huyu amekaa siku nne anaulizwa amempiga mtoto kwa kitu gani!"

Afisa ustawi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaichomoa ile karatasi iliyobanwa juu ya faili, akaikunja mara mbili na kuiweka mfukoni. Akamwambia wifi kwamba kwa upande wake suala limekwisha, mtoto atatoka na mama yake daktari akiridhika. Akamwambia pole. Alilisema vizuri, nadhani alimaanisha.

Wifi hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa tusi, kwa kilio. Ningepokea chochote na kushukuru.

"Umesema kwa wote," akamwambia daktari, bila kuniondolea macho. "Wote wangapi?"

"Arobaini na mmoja," nikajibu mimi.

"Nao mifupa yao iko hivi?"

"Wengi wao. Ndiyo."

Mkuu akaingilia. Akasema wazazi wataandikiwa barua, kwanza iundwe kamati, kamati iandike ripoti, ripoti ipelekwe juu, ikirudi imepitishwa ndipo. Tusije tukazua taharuki. Alikuwa bado anaongea wifi alipofungua mkoba akatoa simu.

"Akina mama wa Alhamisi tunakaa benchi moja tangu saa moja asubuhi," akasema. "Unafikiri tunakaa tunaangaliana? Tuna kundi letu. Wote wamo."

Akalifungua kundi, akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti, akainyoosha simu juu ya meza hadi ikakaribia kugusa midomo yangu.

"Sema," akaniambia. "Anza na jina lako na kazi yako."

Miaka ishirini na miwili nimekuwa sahihi chini ya fomu, hakuna mama hata mmoja anayeijua sauti yangu. Nikasema jina langu. Nikasema mimi ni wa maabara. Nikasema majibu ya vitamini ya miezi minane iliyopita yalitafsiriwa vibaya, mimi ndiye niliyeyasaini, matone waliyoambiwa wayasimamishe watoto wao wanayahitaji. Nikasema wasiache dawa nyingine yoyote. Daktari wa viungo akainama juu ya simu akaongeza, waje kesho, wasisubiri Alhamisi, na mtoto yeyote anayelalamika mfupa abebwe kwa uangalifu aje leo hiihii. Wifi akaachia kitufe.

Tulikaa tukiitazama simu pale juu ya meza, watu wazima watano. Mkuu alikuwa ameshika tai yake. Alama za kuonyesha umesikilizwa zikaanza kubadilika rangi, mmoja, wawili, sita, kumi na moja. Kisha ukaja ujumbe wa sauti. Wifi akaubonyeza.

Ilikuwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, nyuma yake maji yanachuruzika kwenye ndoo.

"Wangu alivunjika mguu mwezi wa tano, akijigeuza kitandani. Baba yake akasema nimemwangusha. Hospitali wakasema vipimo viko sawa, lazima nimemwangusha. Nilikataa wiki mbili, mwisho nikachoka, nikakubali. Sasa yuko kwa mama mkwe, mimi nimerudishwa kwetu." Maji yakafungwa. "Dada wa maabara, naomba unijibu. Nikamchukue?"